Mafuta ya alizeti yamechacha: tafuta chanzo kabla ya kutia rozimari

Kwetu Singida alizeti huanza kuvunwa mwezi wa tano, na kufikia mwezi wa nane simu zinaanza kuita. "Mzee wangu, nimetia karafuu ili mafuta yasichache kama ulivyosema, mbona yananuka?" Mwingine ametia rozimari, mwingine kitunguu saumu, mwingine kakamulia kidonge cha vitamini E. Mimi nakamua kwa mashine ndogo, nauza kwa dumu na kwa chupa, na mafuta yaliyonichachia mkononi tangu nianze yangejaza pipa. Kwa hiyo huwa nauliza kwanza: yananukaje, na yalikuwa yamekaa wapi? Harufu ya rangi ya kupaka milango ni habari moja, ladha ya sabuni ni habari nyingine, na povu lisiloisha kikaangoni ni ya tatu. Mmea unaosaidia hapa haufui dafu pale.

Mmea hufanya nini hasa ndani ya mafuta

Mafuta hayachachi pole pole kama maziwa. Hukaa kimya muda mrefu, kisha hubadilika ghafla. Mwaka 1820 mwanakemia wa Uswisi, Nicolas-Théodore de Saussure, alitandaza mafuta ya jozi juu ya maji na kupima kwa zebaki hewa iliyokuwa ikinyonywa. Kwa miezi 8 mafuta yalinyonya mara 3 tu ya ujazo wake. Katika siku 10 zilizofuata yakanyonya mara 60. Ukielewa miezi ile 8 na siku zile 10, umeelewa karibu kila kitu kilichobaki katika maelezo haya.

Kinachotokea ni hivi. Joto, mwanga au chembe ya chuma huipokonya molekuli ya mafuta hidrojeni. Iliyopokonywa hudaka oksijeni, kisha nayo humpokonya jirani yake, jirani humpokonya mwenzake, na mnyororo unakwenda. Antioksidanti ni ile inayokubali kupokonywa na kuishia hapo hapo. Vitamini E iliyomo ndani ya alizeti yenyewe hufanya hivyo, asidi ya kanosiki ya rozimari hufanya hivyo, eujenoli ya karafuu nayo pia. Lakini iliyopokonywa imeshatumika. Zikiisha zote, kimya kinaisha, na zinaanza zile siku 10. Kutia rozimari kwenye mafuta ambayo tayari yananuka ni kuajiri mlinzi baada ya duka kuvunjwa.

Mafuta hujengwa kwa asidi za aina mbalimbali. Alizeti ya kawaida ina ile ya linoleiki kati ya asilimia 48 na 74, na asidi hiyo hushika oksijeni mara 10 au zaidi kuliko ya oleiki, ambayo ndiyo nyingi kwenye mafuta ya zeituni. Kwa hiyo usilinganishe chupa yako na ya zeituni ya jirani.

"Yananuka kama rangi au krayoni, na hata mwezi hayajafika"

Hii ndiyo simu ninayoipokea kuliko zote, na karibu kila mara chanzo ni jua. Pita barabara ya Manyoni kuja Singida mjini: mafuta yamepangwa juu ya meza kando ya lami, kwenye chupa za maji zilizo wazi kama kioo, yanang'aa kama asali. Yanavutia wateja, ndiyo, lakini yanaungua kimya kimya.

Mafuta ya kukamuliwa bila kusafishwa kiwandani hubaki na klorofili kidogo, ule ukijani wa mbegu na maganda. Klorofili ikipigwa na mwanga huipa oksijeni nguvu na kuifanya nyingine kabisa. Oksijeni ya aina hiyo haisubiri mnyororo uanze. Hushambulia asidi ya linoleiki moja kwa moja, kwa kasi inayokaribia mara 1,500 ya oksijeni ya kawaida. Ile miezi 8 ya kimya haipo tena.

Hapa ndipo watu wanapojidanganya na mimea. Rozimari na karafuu hukata mnyororo, hazizuii mwanga. Na ukitumbukiza tawi la kijani ndani ya chupa ili lipendeze, au unga wa majani ya mlonge, umeongeza klorofili ile ile inayofanya uharibifu. Niliwahi kufanya jaribio la kijinga lililonifunza zaidi ya semina yoyote: dumu moja, chupa tatu, zote dirishani. Moja nilifunga kwa karatasi ya kaki, moja niliacha wazi, moja niliacha wazi nikatia unga wa mlonge. Baada ya wiki mbili iliyofungwa ilikuwa salama. Ya wazi ilikuwa na harufu ya karanga kuukuu. Ya mlonge ilinuka kama putti ya kuwekea vioo. Mlonge ni mboga nzuri. Kwenye chupa iliyo juani ni msaliti.

Tiba: toa chupa juani leo, leo hii. Tumia madumu yasiyopitisha mwanga au funga chupa kwa karatasi. Mezani weka chupa moja ya maonyesho na uibadilishe. Mzigo mwingine ubaki chini ya meza, ndani ya boksi. Ukishafanya hivyo ndipo rozimari itakuwa na kazi ya kufanya.

"Nimetia kitunguu saumu kibichi na pilipili, chupa inatoa viputo"

Usionje. Mwaga.

Hapa sisemi habari ya harufu tena. Kitunguu saumu kibichi, pilipili mbichi, mrehani mbichi, vyote vina maji na huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu kutoka kwenye udongo. Mbegu hizo hazifi kwa maji yanayochemka. Bakteria huyo hapendi hewa, na chini ya mafuta hakuna hewa. Hapendi uchachu, na kitunguu saumu hakina uchachu wa kutosha. Umemjengea nyumba. Sumu yake hupoozesha misuli, ya kupumulia ikiwemo, na si lazima ioneshe dalili ndani ya chupa: viputo vinaweza visiwepo kabisa. Kinachoingia kwenye mafuta ya kuweka kiwe kikavu kabisa, kivunjike kwa vidole. Ukitaka mafuta yenye kitunguu saumu, tengeneza ya mlo wa siku hiyo na uyamalize.

"Nimetia majani ya chai, maji ya limau na choya, hakuna kilichobadilika"

Kwa sababu havikuingia. Antioksidanti za chai na choya hupenda maji. Ndani ya mafuta hukaa chini kama mchanga. Hata rozimari ina mbili: asidi ya kanosiki inayoyeyuka kwenye mafuta, na asidi ya rozmariniki inayoyeyuka kwenye maji. Anayechemsha rozimari kwa maji kisha akachanganya maji hayo na mafuta amechukua ile isiyomfaa na kuacha inayomfaa.

Limau ni kosa zaidi. Ni kweli viwanda hutumia asidi ya sitriki kufunga chembe za chuma ndani ya mafuta, lakini huitia kwa vipimo, kwa joto, na maji yake huondolewa. Wewe ukikamulia limau umetia maji, na habari ya maji inakuja mbele.

"Nilitia rozimari vizuri, lakini miezi miwili tu yamechacha"

Hapa nakaa kidogo, maana mara nyingi anayeuliza hivi amejitahidi kweli.

Niambie kwanza ulitia lini. Kama mafuta yalikaa kwenye pipa mwezi mzima kabla, umetia yakiwa yamebakiza siku chache za kimya. Rozimari iingie siku yenyewe mafuta yanapochujwa.

Halafu chombo. Je, dumu lilikuwa na mafuta ya zamani chini? Hata kikombe kimoja cha mafuta yaliyochacha ni mbegu, kina peroksaidi, yaani mafuta yaliyokwisha kudaka oksijeni, tayari za kuwasha mapya. Watu hujazia dumu lile lile mwaka mzima bila kuliosha, kisha wanalaumu rozimari. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni, lisuuze, ulikaushe mpaka ndani kusiwe na hata tone. Chombo kijae hadi shingoni. Dumu la lita 20 lenye lita 5 ndani lina lita 15 za hewa, na hewa hiyo hubadilishwa kila unapofungua. Hamishia kwenye vyombo vidogo.

Na majani yenyewe yalikuwaje? Rozimari ya kwenye ua ni nzuri, lakini ikikaushwa juani wiki nzima au ikikaa mwaka kwenye mfuko wazi, antioksidanti zake zimeshatumika zenyewe hapo mfukoni. Ikaushe kivulini.

Mimi hufanya hivi kwa lita moja. Gramu 10 za majani makavu, yaliyopondwa kwenye kinu kidogo muda huo huo. Mafuta kwenye sufuria, sufuria hiyo ndani ya nyingine yenye maji ya moto, mpaka mafuta yafike nyuzi 60 hadi 70. Kama huna kipimajoto, ni joto ambalo maji ya chini yanatoa mvuke lakini hayajaanza kuchemka. Tia majani, funika, kaa nayo saa moja, epua. Yakipoa chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, na usikamue kitambaa kwa nguvu, kwa kuwa utakamulia na vumbi la kijani ndani. Kwa dumu la lita 20 sipashi joto mafuta yote: natengeneza lita mbili zenye gramu 200, nachuja, nachanganya na 18 zilizobaki. Mafuta yatakuwa na harufu ya rozimari. Kwenye kachumbari inapendeza, kwenye maandazi watoto watalalamika. Anayeuza na hataki harufu anunue dondoo ya rozimari iliyoondolewa harufu. Huko Ulaya imeruhusiwa kama kiongezo cha chakula tangu 2010, kwa namba E392. Afuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na aseme kwenye lebo.

Karafuu nayo hufanya kazi. Mafuta yanayopatikana kwenye karafuu, hizi za Pemba na Unguja, kwa sehemu kubwa ni eujenoli. Natia punje kumi kavu, zilizovunjwa, kwa lita, kwa njia ile ile. Zaidi ya hapo mafuta yatautia ulimi ganzi, na hutayatumia kwa chochote zaidi ya pilau.

Lakini njia ninayoipenda kuliko zote haina jani hata moja. Ufuta. Mafuta ya ufuta yana asidi ya linoleiki karibu asilimia 40 na ushee, ungetegemea yachache upesi, na bado hudumu kuliko alizeti. Siri yake ni kemikali za asili za mbegu ziitwazo lignani, sesamini na sesamolini, na mbegu zikikaangwa kabla ya kukamuliwa sesamolini huzaa sesamoli, ambayo ni antioksidanti kali. Sehemu moja ya mafuta ya ufuta uliokaangwa, ule wa Lindi na Mtwara, kwa sehemu tisa za alizeti, hunipa mafuta yanayokaa vizuri na harufu isiyomkera mtu. Ukiuza, andika wazi kuwa ni mchanganyiko.

Kuhusu vidonge vya vitamini E, acha. Alizeti yenyewe ina tokoferoli ya alfa, ambayo ndiyo vitamini E, nyingi, kama miligramu 400 hadi 900 kwa kilo. Ikizidi sana ndani ya mafuta huweza kugeuka na kuanza kuchochea kile ilichotakiwa kuzuia. Unalipa pesa kuharakisha.

"Ya bombani yananuka, ya juu ya pipa hayanuki"

Hii ilinisumbua msimu mzima. Kila asubuhi kikombe cha kwanza kilikuwa na harufu, cha pili sawa, cha tatu safi kabisa. Nililaumu pipa, nililaumu alizeti ya mkulima fulani, nikaongeza rozimari. Siku moja nikafungua bomba lenyewe: lilikuwa la shaba nyeupe, na ndani kulikuwa na ukoko wa kijani unaoteleza. Mafuta yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha yalikuwa yanalala juu ya shaba.

Shaba ni mchochezi mkali kuliko chuma. Viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, huruhusu miligramu 0.1 tu za shaba kwa kilo ya mafuta yaliyosafishwa na 0.4 kwa yasiyosafishwa, wakati chuma huruhusiwa 1.5 na 5. Hakuna jani litakalomaliza kazi ya shaba, kwa sababu jani huisha na shaba haiishi. Weka bomba la chuma kisichoshika kutu au la plastiki ya chakula, na pipa lenye kutu ndani liwe la kuwekea maji ya kuoshea. Angalia pia kichujio cha waya na ile faneli ya bati ya zamani ambayo kila mtu ameirithi kutoka kwa mtu.

"Hayanuki sana ila yanakereketa kooni, au yana ladha ya sabuni"

Hapa oksijeni haina hatia. Maji ndiyo yameyavunja mafuta na kuachia asidi huru, na antioksidanti haina la kufanya. Kwenye alizeti chanzo huwa mbegu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, zikapata moto ndani ya gunia na kuota ukungu, au tope lililoachwa chini ya dumu. Kwenye mawese ya Kigoma ni matunda yaliyopondeka na kucheleweshwa kuchemshwa. Kwenye mafuta ya nazi ni tui ambalo halikupikwa mpaka maji yaishe. Asidi ya lauriki ikiwa huru ladha yake ni sabuni tupu. Mama mmoja wa Tanga alikuwa akitia karafuu kwenye mafuta yake ya nazi kila mara, akipata sabuni yenye harufu ya karafuu.

Kupima: tia kijiko cha mafuta kwenye kikaango cha moto. Yakilia na kuruka, yana maji. Yapashe polepole mpaka viputo viishe, yaache yatuame, chuja, weka kwenye chombo kikavu. Ladha ya sabuni iliyokwisha kuingia haitoki jikoni.

"Kikaangoni yanatoa povu lisiloshuka na moshi mapema"

Mafuta hayo yamechoka. Kwenye nyuzi 170 hadi 180 za chipsi, maji ya viazi, hewa na joto hufanya kazi pamoja, na molekuli huanza kuungana kuwa nzito, ndiyo maana mafuta hunata kwenye ukingo wa karai. Rozimari huvumilia moto kwa kiasi na huchelewesha hali hiyo ikiwa ilikuwemo tangu mwanzo. Eujenoli ya karafuu hupanda na mvuke, unainusa wewe badala ya kubaki kwenye mafuta. Chuja makombo kila siku, zima moto unaposubiri mteja, na ukiona povu limekataa kushuka usijazie mapya juu. Yamwage yote.

Kuhakikisha kabla ya kutupa au kuuza

Pua ni kifaa kizuri ukiipa nafasi. Kijiko cha mafuta kwenye bilauri ndogo, funika kwa kiganja, simamisha bilauri kwenye maji ya moto dakika tano, fungua unuse. Fanya hivyo asubuhi kabla ya chai, na uwe na bilauri ya pili yenye mafuta mapya ya kulinganisha, la sivyo pua itazoea.

Maabara itakupa namba ya peroksaidi, kipimo cha mafuta yaliyodaka oksijeni. Codex huruhusu hadi 10 kwa mafuta yaliyosafishwa na hadi 15 kwa yasiyosafishwa. Ila usidanganyike na namba ndogo kwenye mafuta ya zamani: peroksaidi hupanda, kisha huvunjika na kuwa zile harufu zenyewe, na namba hushuka. Mafuta yanayonuka yenye cheti kizuri bado yananuka.

Anayetaka kujua kama rozimari yake inafaa asisubiri mwaka. Maabara huweka mafuta kwenye tanuri la nyuzi 60 hivi, na siku moja humo huhesabiwa, kwa makadirio, kama mwezi kabatini. Mimi naweka vikopo vitatu darini chini ya bati, vimefunikwa gunia: kimoja kitupu, kimoja cha rozimari, kimoja cha ufuta. Nanusa kila Jumapili. Kitupu lazima kiwepo, vinginevyo hujui unalinganisha na nini.

Yaliyokwisha kuchacha huwa natengenezea sabuni. Hata huko hayaachi tabia: baada ya miezi michache vipande huota madoa ya rangi ya chungwa na ile harufu ya krayoni inarudi, mpaka wapika sabuni nao wakaanza kutia dondoo ya rozimari. Kwa hiyo sabuni ya mafuta yangu yaliyochacha siiuzi. Naoshea madumu.